Pedali Iliyoganda Asubuhi

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, katika mji wa migodi wa Kolwezi, injini ya jipu ilikuwa inanguruma, na mguu wa Louise haukuwa juu ya pedali ya mafuta.

Alikuwa ameuinua. Alitazama chini akauona umesimama hewani. Hata hivyo gari liliendelea kwenda mbele. Mbele yake wanafunzi wenye mashati meupe walikuwa wanavuka barabara kuelekea shuleni.

Louise alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilipunguza mwendo, lakini injini iliendelea kulivuta. Alikata usukani kulia. Tairi za mbele zilipanda lundo la changarawe kando ya njia, na gari likasimama likitetemeka. Ndipo alipokumbuka ufunguo, akazima.

Vumbi jekundu lilitua juu ya kioo. Wanafunzi walikuwa wamerudi nyuma wote kwa pamoja. Hakuna aliyeguswa. Mwendesha pikipiki mmoja aliyebeba abiria alipita karibu na dirisha.

"Mama, polepole! Shaba ya mugodi haitakimbia!"

Abiria wake alicheka. Louise hakucheka. Mikono yake ilikuwa bado imeshika usukani.

"Mama, ni vile tena?" aliuliza Chancelle, binti yake mkubwa. Wadogo zake wawili walikuwa wamemshikilia.

"Shukeni. Tutatembea."

Aliwapeleka shuleni kwa miguu, kisha akarudi. Injini ilikuwa bado na joto, na jua lilikuwa limeanza kupiga juu ya boneti. Aliisukuma pedali kwa mkono. Ilishuka, ikapanda mara moja, kana kwamba haikuwa imefanya lolote. Louise aliliendesha gari kurudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetembea, nyuma yake malori yakimpigia honi.

Mume wake, Symphorien Tshilombo, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa ametoka zamu ya usiku mgodini, anakoendesha pelleteuse, ile mashine kubwa ya kuchimba. Buti zilikuwa bado miguuni. Simu ilikuwa mkononi, na kioo chake kilikuwa kimezimika.

"Mama Bilonda alikufa," alisema. "Rémy alipiga simu kutoka Likasi."

Louise aliketi karibu naye. Mama Bilonda alikuwa shangazi yake Symphorien. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Rémy alikuwa mwana wa shangazi huyo, mdogo kwa Symphorien.

"Pole, Tata Chancelle," alisema, akimwita baba wa Chancelle. "Pole. Pole sana."

"Batamuzika kesho mchana. Asubuhi batamutoa ku morgue, ku nyumba ya maiti. Mi njo mukubwa. Mi njo nitasimama mbele, nimupokee." Alijipangusa uso. "Tutatoka saa kumi na moja, ikiwa bado giza. Sisi wote."

Louise hakupenda kusema lile alilokuwa nalo, lakini hakuona saa nyingine ya kulisema.

"Na motoka?"

"Motoka iko na nini?"

"Pédale ilibakia chini tena. Leo nilikuwa karibu kugonga batoto ba masomo."

Symphorien alifumba macho.

"Louise, natoka ku kazi ya usiku. Usinianzie."

"Sikuanzie. Nakuambia."

"Juzi niliendesha ile motoka hadi ku marché, kununua unga. Ilikuwa muzuri. Jana pia. Mi naikanyaga, inapanda. Weye unaikanyaga, inabakia. Basi ni motoka ao ni muguu?"

"Ulikwenda ku marché saa ngapi?"

"Saa munane."

"Mi nakwenda saa kumi na mbili."

Symphorien hakuona tofauti. Alikuwa na sababu ya kuiamini pedali ile, kwa maana aliitengeneza mwenyewe. Majuma machache nyuma ilikuwa inalia na kuwa nzito. Alileta kutoka kazini kopo la grisi nyeusi, ile inayopakwa kwenye meno makubwa ya chuma yanayoizungusha pelleteuse. Aliisukuma ndani ya kebo inayotoka kwenye pedali, huku na huku, mpaka ikatokeza upande wa pili. Mtaani kwao kila nyumba ilikuwa na kopo la namna hiyo. Grisi ya mgodi ilipakwa kwenye bawaba za milango, kwenye minyororo ya baiskeli, kwenye pampu za visima. Watu waliisifu kama dawa.

"Graisse ile inazungusha mashini ya matani mingi," alisema. "Pédale ya jeep itaishinda?"

Alisimama kwa shida, akaingia ndani ya gari, akaliwasha. Injini ilikuwa bado haijapoa. Alikanyaga, akaachia. Sauti ilipanda, ikashuka.

"Unaona?"

"Naona. Lakini sitaweka batoto mule."

"Basi batamuzika mi siko?"

Symphorien aliingia ndani, akalala bila kula. Alilala kwa vipande vipande, kwa maana simu iliita mara kwa mara, na kila aliyepiga alilia kwanza kabla ya kusema.

Jirani yao, Adèle Mushiya, alifundisha ufundi wa magari katika kituo kimoja cha mafunzo. Alirudi alasiri, mikono ya shati imejaa chaki. Louise alimkuta uani ameloweka miguu katika beseni la maji ya moto.

"Mama Adèle, niko na shida ya motoka."

"Kila mutu ananipenda siku motoka yake inagoma," alisema Adèle. "Vuta kiti. Nimesimama mbele ya batoto na moteur moja, ile injini ya mafunzo, tangu asubuhi, na hakuna aliyeifungua bila kupoteza skrubu. Sema."

Louise alieleza. Adèle alimwacha amalize. Kisha aliuliza maswali, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Tapis, zulia ya chini, inagusa pédale?"

"Nilishaitoa. Ilibakia vilevile."

"Inakukamata wakati gani?"

"Asubuhi. Kila mara asubuhi, nikitoka tu pa nyumba."

"Mchana?"

"Mchana hapana. Njo maana bwana anasema ni muguu wangu."

Adèle alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaupangusa taratibu.

"Bwana yako hasemi uongo. Na weye pia hausemi uongo. Yeye anaipima mu joto. Weye unaiendesha mu baridi. Muko na motoka moja, lakini hamujaiona saa ileile."

Louise alihisi mabega yake yanashuka. Tangu alfajiri hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba alichokiona kilikuwa kweli.

"Basi ni nini?"

"Sijui. Kitu kinachokaza mu baridi na kulegea mu joto. Lakini sitasema jina lake nikiwa nimeketi hapa. Usiiwashe tena leo. Iache inje, ilale na baridi. Nitakuja mbele ya jua kutoka."

"Anataka tutoke saa kumi na moja. Tuko na matanga ku Likasi."

"Pole. Nitakuja saa kumi na moja. Anipe robo saa." Adèle alimtazama. "Sasa niambie. Leo ilipokukamata ulifanya nini?"

"Nilikanyaga frein na miguu yote, nikaenda mu changarawe, nikazima."

"Frein, muzuri. Kanyaga mara moja, kwa nguvu, ubakie pale. Usikanyage na kuachia, kanyaga na kuachia. Nguvu ya frein itaisha, na utaitafuta bila kuipata. Halafu levier ya gia unaiweka pa N, pasipo gia. Moteur italia sana. Iache ilie. Tairi hazivutwe tena. Enda kando, simama kabisa, ndipo uzime."

"Kwa nini nisizime mara moja?"

"Ukizima ungali unakwenda, volant, ule usukani, inakuwa nguvu kugeuza, na frein pia nguvu kukanyaga. Na ukigeuza ufunguo hadi mwisho, volant inaweza kufunga. Hapo utakwenda mahali motoka inataka. Na kama siku moja uko mu motoka ya vitesse, gia za mukono, unakanyaga embrayage, ile klachi. Ni kitu kilekile. Sasa sema weye."

"Frein kwa nguvu, nibakie. Levier pa N. Nende kando. Nisimame. Nizime."

"Rudia."

Louise alirudia. Adèle alirudisha mguu kwenye beseni.

Saa kumi na moja kulikuwa na baridi kali. Ulikuwa mwezi wa sita, na pumzi ilionekana mbele ya mdomo. Mifuko ilikuwa imepangwa mlangoni. Watoto walikuwa wameketi juu yake, wamefunikwa blanketi moja. Symphorien alivaa koti jeusi. Macho yake yalikuwa mekundu, na mtu asingeweza kujua ni kwa kilio au kwa kukosa usingizi.

"Robo saa, mama Adèle," alisema.

"Robo saa, tata. Na pole ya matanga." Adèle aliwasha tochi, akafungua mlango wa dereva. "Usiwashe moteur. Piga magoti hapa. Finya pédale na mukono wako, halafu achilia."

Symphorien alipiga magoti kwenye baridi. Aliisukuma pedali mpaka chini, akaiachia.

Ilibaki chini.

Wote watatu waliitazama. Baada ya muda ilianza kupanda, polepole, na katikati ya njia ikasimama. Aliisukuma tena. Ilifanya vilevile. Symphorien alimtazama mke wake, kisha akarudisha macho kwenye pedali.

"Bon," alisema Adèle. "Sasa tunatenganisha. Kitu kimoja kimoja. Hatubahatishe."

Alifungua boneti. Alimwonyesha Louise kebo inayotoka kwenye pedali, inapita ukutani, na kufika kwenye mkono mdogo wa chuma ubavuni mwa injini. Mkono ule ulikuwa unazungusha kisahani cha mviringo kilicho ndani ya bomba la hewa. Mafundi wanakiita papillon, yaani kipepeo. Kikifunguka, hewa nyingi inaingia, na injini inapata nguvu. Kikifunga, injini inatulia. Kazi ya kukifunga inafanywa na ressort, chuma kilichosokotwa ambacho kinavuta siku zote kurudi.

Adèle alichomoa kichwa cha kebo kutoka kwenye mkono ule. "Papillon sasa iko peke yake. Mama Louise, izungushe, achilia."

Louise aliuzungusha mkono wa chuma kwa kidole, akauachia. Tak. Ulirudi palepale.

"Tena."

Tak.

"Huyu ni muzima. Kama yeye pia angechelewa, tungemusafisha na dawa yake na kitambaa laini, moteur ikiwa imezimwa. Lakini yeye hana kosa. Tumebakia na câble. Tata, vuta."

Symphorien alivuta waya wa ndani ya kebo kwa vidole viwili. Ulikuja kwa uzito. Alipousukuma kurudi, ulikwama. Adèle aliuleta kwenye mwanga wa tochi. Ulikuwa umefunikwa uji mzito mweusi, na ndani ya uji ule zilionekana chembe nyekundu za vumbi la barabara.

"Ni nini hii?" aliuliza Adèle.

"Graisse ya pelleteuse," alisema Symphorien. Alijipangusa vidole kwenye jani. Haikutoka. "Mi mwenyewe niliiweka. Mu kazi haikamatie hata siku moja."

"Mu kazi iko na meno makubwa, na moteur nzima ya kuzisukuma. Hapa iko na ressort moja ndogo. Ile graisse banaitengeneza ikamatie chuma, hata mvua isiitoe. Kukamatia njo kazi yake. Mu baridi inakaza. Mchana moteur inaipasha, inalegea, na weye unasema motoka ni muzima. Na vumbi ikiingia mule, haitoke. Câble hii iko na plastique ndani. Banaifanya itembee kavu. Haiombe kitu."

"Ilikuwa inalia."

"Ilikuwa inazeeka. Ilikuwa inaomba câble mupya."

Symphorien alitazama mashariki. Bado hakukuwa na mwanga.

"Tuisafishe na essence, na petroli, twende."

"Essence itaharibu ile plastique, na graisse ya katikati itabakia. Itakukamata kule mbele, nyuma ya lori."

"Maduka ya mapièces, ya vipuri, banafungua saa mbili, mama Adèle. Saa mbili banamutoa ku morgue."

"Najua."

"Nitaendesha polepole. Moteur itapata joto, pédale italegea. Si njo weye umesema?"

Adèle alijipangusa mikono. Alikuwa amesema ya ufundi, na yaliyobaki hayakuwa ya ufundi. Louise alikuwa na ufunguo katika mfuko wa sweta yake. Aliushika humo ndani.

"Tata Chancelle," alisema, "kama unaenda na bus sasa hivi, nitakubebea mufuko hadi pa kituo. Mi na batoto tutafuata motoka ikitengenezwa. Lakini ufunguo sitautoa."

"Bus inatoka wakati inajaa. Inaweza kujaa saa ine."

"Basi tungojee wote."

Symphorien aliketi juu ya bampa. Koti lake jeusi liligusa vumbi, naye hakulitazama. Kisha alipiga simu.

"Rémy. Ni mimi... Hapana, bado tuko Kolwezi. Motoka iko mubaya, na tuko na batoto." Alisikiliza. "Rémy, weye utasimama mbele. Weye utamupokea mama." Alisikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi. "Najua ni mi mukubwa. Mi nitafika ku kaburi."

Alikata simu. Kutoka mlangoni, Chancelle aliuliza kama walikuwa bado wanakwenda. Louise alimjibu kwamba wanakwenda, lakini si sasa, na kwamba walale. Adèle alikwenda kuomba ruhusa ya kuchelewa kazini.

Duka lilipofunguliwa, Symphorien alikuwa tayari amesimama mbele ya mlango wake pamoja na Adèle. Muuzaji alitaka kumpa kebo inayofanana. Adèle alilaza kebo ya zamani, aliyoifungua garini, na mpya sambamba juu ya meza, akalinganisha urefu na vichwa vyake. Ya kwanza ilikuwa fupi. Aliirudisha. Ya pili ilikuwa sawa.

Waliporudi nyumbani, Adèle aliifunga kavu, bila kitu ndani. Aliipitisha mbali na bomba lenye moto, na hakuikunja kwa nguvu mahali popote. Mwishoni aliacha ulegevu mdogo.

"Ukiikaza sana," alimwambia Louise, "papillon haitafunga yote, na moteur italia bila muguu. Ukiilegeza sana, hautapata nguvu ya kupanda mulima."

Kisha alimweka Louise kwenye pedali, na Symphorien mbele ya injini. Louise alisukuma mpaka chini, akaachia. Symphorien alitazama mkono wa chuma.

"Imefunguka yote," alisema. "Imefunga yote. Tena. Imefunga."

Walirudia mara nyingi, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, gia ikiwa kwenye P, ya kuegesha, na breki ya mkono imevutwa. Kila Louise alipoinua mguu, mshale wa kasi ya injini ulianguka pamoja nao.

"Kesho asubuhi, mu baridi ya Likasi, mupime tena na mukono mbele ya kuwasha," alisema Adèle. "Leo imeshapata joto. Joto silisadiki peke yake." Alifunga boneti. "Na ile graisse, tata, irudishe ku pelleteuse."

"Hata mulango wa choo niunyime?"

"Mulango wa choo hauende Likasi."

Kwa mara ya kwanza tangu jana, Symphorien alicheka, sauti fupi iliyomshangaza mwenyewe. Kisha akafunika uso kwa mikono, na mabega yakatikisika. Adèle alikusanya spana zake bila haraka.

Louise ndiye aliyeendesha. Symphorien alisema mtu aliyekesha hana haki ya usukani, na alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Barabara ilikuwa imejaa malori yenye mizigo. Walipokuwa kwenye mteremko, lori la mbele yao liliwasha taa nyekundu na kusimama ghafla. Louise aliinua mguu. Injini ilitulia palepale. Alikanyaga breki, na gari likasimama, likiacha nafasi kubwa kati yao na lori. Nyuma, watoto hawakuamka.

Symphorien alikuwa anatazama mguu wa mke wake.

"Si muguu," alisema.

"Haikuwa muguu," alijibu Louise.

Waliingia Likasi mchana. Kanisani hakukuwa na mtu. Mlinzi aliwaelekeza makaburini. Walipofika, jeneza lilikuwa limekwisha kushushwa, na vijana walikuwa wanafukia. Rémy alikuwa amesimama mbele ya watu, pale Symphorien alipopaswa kusimama. Aliwaona wakija kwa miguu kati ya makaburi, Symphorien mbele, Louise nyuma na watoto watatu.

Watu waliwafungulia njia. Rémy alichukua beleshi kwa kijana mmoja, akampa Symphorien bila kusema kitu. Symphorien alivua koti, akampa Chancelle alishike. Kisha akatia udongo kaburini.